Shahidi wa Kioo

Siku ya khitma ya Bwana Shamba nilichelewa kufika, na sababu yake ni chokaa. Nilikuwa nimebakiza uchochoro mmoja kuifikia nyumba ya msiba, thamosi ya kahawa mkononi, nikakuta mafundi wamefunua pipa la chokaa iliyolazwa majini, wanaikoroga kwa mti. Harufu ilinifikia kabla sijawaona wao wenyewe. Nikasimama pale kama mtu aliyeitwa na polisi. Fundi mmoja akanisalimia na kuniuliza kama nimepotea. Nikamwambia sijapotea, na bado sikuondoka.

Wenzangu mliokulia Mji Mkongwe mnaijua harufu hiyo. Ni ya mvua juu ya mawe, na ndani yake mna ukali mdogo unaowasha puani. Kwenu huenda ni harufu ya kukaribia sikukuu, kuta zinapopakwa upya na watoto wanafukuzwa wasiziguse. Kwangu ni harufu ya kukaribia kukamatwa, na nimeishi nayo tangu nina umri wa miaka minane.

Bwana Shamba jina lake hasa alikuwa Makame, mtu wa Matemwe. Hilo la Bwana Shamba alipewa kwa utani, maana mjini kwetu hakuna shamba wala pa kuliweka. Yeye alipapata. Palipokuwa na jaa nyuma ya birika la maji la zamani alipanda asumini na mikilua, akaweka na ubao wa kukalia, na watu waliokuwa wakipita wameziba pua wakaanza kupita polepole. Alipandisha ndoo za udongo mpaka juu ya mapaa, akawapandia mrehani bibi vizee ambao magoti yao yalikuwa yamekwisha kugombana na ngazi. Na pale alipokuwa hapandi, alikuwa anatengeneza. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, naye alizipigania moja moja. Akimuona mtu anapaka saruji juu ya ukuta wa zamani, alisimama akamweleza, kwa upole na kwa kirefu, kwamba ukuta wa chokaa unapumua na saruji inauziba pua. Kwa huo urefu wa maelezo wako waliokuwa wakimuona mbali wanageuza njia.

Sisi watoto tulimwogopa kidogo. Aligonga kuta kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio, akangoja, kisha akatikisa kichwa kana kwamba amejibiwa. Tulisema anazungumza na majini. Lakini siku moja alikuja shuleni kwetu na mkokoteni wa miche, akampa kila mtoto mmoja, umepandwa katika kopo la maziwa. Akatwambia mti ukimwagiliwa kila siku na mtu mmoja, unamjua mtu huyo. Neno hilo lilinikaa. Wangu ulikuwa mpera, na mpera wangu ulikufa kabla ya wiki kwisha.

Mimi nilikuwa mtoto wa wasiwasi, na sijabadilika sana. Nililificha lile kopo chini ya ngazi na mti mkavu ndani yake, nikaanza kutafuta mti mwingine wa kunijua. Niliupata uani kwetu. Ulikuwa umechipua wenyewe ukutani, katika ufa, usawa wa bega langu, majani mawili yanayong'aa, baadaye matano. Kila siku nikirudi kutoka shule, kabla ya kwenda chuo cha Kurani kwa maalim, niliumwagia kopo zima la maji na kuyapangusa majani yake kwa kidole. Nilikuwa na hakika unanijua.

Tulikaa wawili katika nyumba ile, mimi na Bibi. Mama alikuwa akifanya kazi hotelini Paje na alirudi Ijumaa moja, akaruka moja. Bibi aliingia humo akiwa bi harusi, na alikuwa na mazoea ya kusema kwamba kutoka atatoka amebebwa. Aliyasema kwa raha, huku anachambua mchele. Mimi kila nikiyasikia niliyaona mambo yenyewe, Bibi amelazwa, watu wamembeba, mlango unafungwa nyuma yao. Nilikuwa nakwenda kukaa karibu naye mpaka ananifukuza kwa joto.

Chumba chake kiliegemea ukuta uleule wa uani. Masika yalipoanza, Bibi aliona ufa ndani, juu ya kichwa cha kitanda chake, akamwita Bwana Shamba aje autazame. Alikuja, akagonga, akasikiliza, akatoka uani kuutazama ukuta kwa nje. Huko akauona mti wangu.

"Mlandege," alisema. Akamweleza Bibi kwamba huo ni mti unaopandwa na ndege. Ndege anakula tunda, anatua ukutani, mbegu inaingia katika ufa, na mizizi ikishaingia haitoki, inaupasua ukuta taratibu mpaka mawe yanaachana. Kisha akapitisha kiganja chini ya ule mche na kukitazama. Kilikuwa kimelowa, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu juzi yake.

"Huu unanyweshwa," alisema. "Nani anaunywesha?"

Bibi alicheka, akasema nani mwenye maji ya kunywesha magugu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na birika la maji. Bwana Shamba alinitazama kidogo, hakuuliza tena. Alitoa kisu akaukata ule mti, akachimbua mzizi, na mzizi ulipotoka ulikuwa mrefu kama mkono wake. Aliuinua ili Bibi auone. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mimi ndiye niliyeipasua nyumba ya Bibi.

Waliporudi chumbani niliwafuata, maana kubaki peke yangu uani lilikuwa jambo baya zaidi. Bwana Shamba akatoa mfukoni mwa shati kipande cha kioo chembamba, urefu wa kidole. Akakoroga unga mweupe wa plasta, akakibandika kioo kile juu ya ufa, ncha moja upande huu na ncha moja upande wa pili. Plasta ikaganda palepale. Chini yake akaandika tarehe kwa penseli. Bibi akauliza hilo ni pambo gani.

"Huyu shahidi, Bi Zuwena," alisema. "Ukuta ukisogea hata unywele, yeye anavunjika. Akivunjika msingoje kesho. Mnatoka siku hiyohiyo."

"Nitoke niende wapi?" Bibi akauliza.

Bwana Shamba akajipangusa plasta vidoleni. Alisema atapita kila Alkhamisi kumtazama, na kwamba asiguswe na mtu. Uani aliacha kopo la chokaa iliyofunikwa maji, ya kuzibia mlizamu, mfereji wa maji ya paa uliokuwa ukivuja, mvua zikipungua.

Sasa, chuoni kwetu wakati ule maalim alikuwa akitusomesha habari za mashahidi. Alitwambia kila tunalolifanya lina wa kulishuhudia, hata kama mtu amejifungia peke yake, na kwamba ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa. Nilikuwa natoka kwenye somo hilo nikirudi katika nyumba ambayo shahidi anakaa chumbani kwa Bibi. Haikunipitikia kwamba amewekewa ukuta. Bwana Shamba aliuliza nani anaunywesha mti, hakujibiwa, akaweka shahidi. Kwangu hesabu ilikuwa imetimia. Yule alikuwa amewekewa mimi.

Basi maisha yakawa ya taabu. Niliacha kubadilisha nguo chumbani mle. Nikitumwa kuleta kitu niliingia nimeinamisha macho na kutoka kinyumenyume. Mara mbili nilimfunika kwa kanga ya Bibi, nikaibana kwa pini ukutani, na mara zote mbili Bibi aliitoa na kuniuliza nina nini siku hizi. Siku moja tukila nilijikaza nikamuuliza, "Bibi, shahidi anasema lini?"

"Akiwa na la kusema," alijibu, akaendelea kula.

Jumatatu moja Bibi alikwenda Kikwajuni kumtazama jamaa yake mgonjwa, akaniachia ufunguo. Nilirudi kutoka shule adhuhuri, mvua imenilowesha, nikaingia chumbani kwake kutafuta kitu cha kujifutia. Shahidi alikuwa amevunjika. Mstari mmoja mwembamba ulipita katikati yake, na nusu moja ilikuwa imeshuka kidogo kuliko nusu ya pili.

Jana yake, Jumapili, ndipo nilipomfunika kwa kanga mara ya pili. Kwa hiyo ama nilimvunja kwa pini, ama amesema. Yote mawili yalikuwa juu yangu. Na nyuma ya hayo likaja kubwa zaidi, kwamba akivunjika tunatoka siku hiyohiyo, na Bibi alishasema yeye atatoka amebebwa. Nataka mniamini katika hili, ingawa sina wa kunishuhudia: ukuta sikuufikiria hata mara moja.

Katika kasha la Bibi mlikuwa na fremu ya picha ya babu ambayo kioo chake kilikwisha kuvunjika siku nyingi. Nilichukua kipande kinachofanana urefu. Nikabandua shahidi wa kweli na plasta yake, nikachota chokaa katika lile kopo la uani kwa vidole, nikakibandika kioo changu mahali palepale. Chokaa mbichi inachoma. Mwanzoni hujui, baadaye vidole vinaanza kuwaka. Nilivumilia mpaka nikamaliza, maana tarehe ilikuwa imefutika nusu kwa maji na ilibidi niiandike upya kwa penseli yangu ya shule. Vipande vya shahidi nilivificha katika kopo la mpera wangu uliokufa, chini ya ngazi.

Bibi alirudi, macho yake hayakuwa mazuri tena, akapapasa ukuta, akasema shahidi wetu mzima. Alikuwa ameanza kumzoea, asubuhi anamsalimia kwa mzaha kama mgeni wa nyumba. Akalala chini yake Jumatatu, akalala Jumanne, akalala Jumatano.

Siku tatu hizo sijui nizielezeje. Mvua haikukatika. Vidole vyangu vilibabuka, Bibi akauliza, nikasema ni chaki za shule. Mlango wa chumba chake ukaanza kukwaruza sakafu wakati wa kuufungua. Shuka zake zikawa na vumbi jeupe kila asubuhi, na yeye akawalaumu mchwa. Darasani nilikuwa natazama mawingu tu. Jumatano mchana nilipanda juu ya kitanda nikapima ufa juu ya kile kioo. Mwanzo uliingia ukucha wangu. Sasa kidole chote cha mwisho kilipita, na bado kioo kilikuwa kizima, kimetulia, hakina hata alama.

Leo najua kwa nini. Chokaa haigandi siku moja, inachukua wiki. Kioo changu kilikuwa kimelazwa ndani ya uji, ukuta ungefunguka chumba kizima nacho kingeteleza tu. Wakati ule sikujua hayo. Nilijua kwamba shahidi anasema kuko salama na kidole changu kinasema hakuko, na kwamba huyo shahidi nimemtengeneza mimi. Nilimwomba Bibi tulale wote chumba cha mbele, nikasema naogopa mvua. Alisema mvua haili watu.

Alkhamisi Bwana Shamba alikuja kama alivyoahidi. Bibi alimpokea, akamwambia shahidi wake mzima hajambo. Yeye akasimama mbele ya kile kioo kwa muda mrefu kuliko ilivyopasa. Akamwomba Bibi kahawa, kama itapatikana, na Bibi akaenda jikoni. Bwana Shamba aligusa kioo kwa ncha ya kidole, nacho kikateleza. Kisha akanitazama vidole.

"Huyu si wangu," alisema taratibu. "Wangu nilimkata kona. Yuko wapi?"

Nikaenda chini ya ngazi nikaleta kopo. Akautazama ule mpera mkavu, akatoa vipande viwili vya kioo kutoka kwenye udongo wake, akavipangusa kwa shati.

"Alivunjika lini?"

Nilikuwa nalia bila sauti, nimeshika mguu wa kitanda. Akachutama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Alinukia chokaa, nguo zake zote, mikono yake.

"Sikuulizi nani kafanya nini," alisema. "Nnakuuliza lini. Bibi yako analala hapa."

"Jumatatu," nikasema. "Adhuhuri."

Alifumba macho kidogo. Kisha akavitia vile vioo mfukoni, na changu pia akakibandua akakitia, akainuka, akamwita Bibi. Bibi alikuja na kikombe mkononi. Bwana Shamba akamwambia shahidi amevunjika na inabidi atoke leo. Bibi alikataa kama nilivyojua atakataa. Alisema kama kavunjika leo basi si neno, mwanawe anarudi kesho kutoka Paje, wataonana, watazungumza, na Jumapili huenda akafikiria kwenda kwa jamaa zake Kikwajuni. Nyumba iliyosimama miaka yote hiyo haitashindwa kungoja Jumapili.

"Hakuvunjika leo, Bi Zuwena. Kavunjika Jumatatu."

"Nani kasema?"

Hapo nilijua nimekwisha. Nilitazama sakafu. Nilisikia maji yanadondoka kwenye ndoo uani, na Bwana Shamba hakunigeukia hata kidogo.

"Mimi," alisema. "Nlipita Jumatatu, wewe hukuwapo, mtoto akanifungulia. Nkamkuta kavunjika. Nkaweka mwengine, nkasema nitazame mpaka Alkhamisi."

Bibi aliweka kikombe chini polepole. "Umemuona kavunjika, ukaniacha nlale hapa siku tatu?"

"Naam."

Bibi akanigeukia. Alikuwa na macho ambayo sijawahi kuyaona kwake, ya mtu aliyetishika kweli. "Kweli alikuja?"

Ilikuwa nafasi yangu. Neno moja tu, hapana, na yote yangekuwa wazi. Bwana Shamba alikuwa anatazama ufa.

"Kweli," nikasema.

Bibi alitoka nyumbani mwake siku ile, na kilichomtoa ni hasira. Alifunga nguo zake huku anamwambia Bwana Shamba maneno ambayo siwezi kuyaandika, na yeye anayapokea kwa kuitika, naam, naam, huku anabeba kasha mabegani kuteremka ngazi za mlangoni. Alasiri tulikuwa Kikwajuni. Kesho yake, watu wakiwa msikitini kwa sala ya Ijumaa, ukuta wa uani uliporomoka. Mama alifika kutoka Paje akapelekwa moja kwa moja kuona. Aliporudi alinambia kitanda cha Bibi hakionekani, ni mawe matupu mpaka usawa wa dirisha. Hakuna aliyeumia.

Tangu siku hiyo Bwana Shamba akapata "ila" yake. Mtu akimtaja barazani, wenziwe waliitikia kwamba ni mtu mwema, ila alimuona Bi Zuwena kwenye hatari akanyamaza. Bibi mwenyewe aliisimulia arusini na misibani, na kila akisimulia siku zile tatu zilizidi kuwa ndefu. Wako waliokuwa wakimwita kutazama mapaa yao wakaacha. Yeye aliendelea na kazi. Kiangazi kilipokuja aliujenga ule ukuta upya, jiwe kwa jiwe, kwa chokaa. Bibi akarudi ndani ya nyumba yake akaishi humo miaka mingi, na hakumpa tena kahawa kwa mkono wake.

Nilikuwa nikikutana naye vichochoroni, nampa shikamoo, naye anaitika, "Marahaba, mwanangu, Bibi hajambo?" Basi. Kila mara nilingoja aseme jambo, anikumbushe, anitishe hata kidogo nipate kumchukia. Mara moja tu, nilipokuwa msichana mkubwa, alinisimamisha akanambia kwamba ule mlandege ulikuwa mdogo sana kuupasua ukuta ule. Ufa ule ni wa mlizamu wa paa, ulivuja miaka kabla mimi sijazaliwa. Alifikiri ananitua mzigo. Alinitua mmoja kweli, na kwa kuniondolea huo akaniacha na ule wa pili peke yake, ambao haukuwa na udhuru wa utoto wala wa kutojua. Niliulizwa swali la kweli, nikasema uongo juu ya mtu aliyesimama mbele yangu.

Nilijiambia nitasema Bibi akipoa. Halafu nikajiambia nitasema Bibi akifa, asije akafa na fadhaa. Bibi akatoka amebebwa kama alivyotaka, mlango ukafungwa nyuma yao, na mimi nikanyamaza. Nikaolewa, nikahamia Kikwajuni, nikazaa watoto watatu ambao niliwapiga kelele kwa kila uongo mdogo. Kadiri miaka ilivyopita ilikuwa vigumu zaidi, maana sasa ningelazimika kueleza na kunyamaza kwangu. Juzi nikapigiwa simu kwamba Bwana Shamba katangulia.

Basi niliondoka pale kwenye pipa la chokaa nikaenda msibani. Wanawake walikuwa wamejaa ndani, nikapata nafasi mkekani karibu na mjane wake, Bi Mize, aliyekuwa amekaa pembeni katika kanga zake za eda. Nje wanaume walikuwa wamemaliza kisomo. Tukasikia mzee mmoja anawauliza wanamshuhudiaje marehemu, nao wakajibu kwa pamoja, mtu mwema. Wakaulizwa tena, wakajibu tena. Mwanamke aliyekaa kushoto kwangu, jirani yetu wa zamani, akashusha pumzi.

"Mtu mwema, kweli," alisema kwa sauti ya chini. "Ila ile ya Bi Zuwena, Mungu amsamehe."

Wawili watatu wakaitikia amin. Nilihisi vidole vyangu vinawaka, vilevile, kama vile siku ile.

"Jumatatu hakuja," nikasema.

Hawakunielewa. Jirani akanitazama, akadhani nazungumzia mtu mwingine. Nikasema tena, kwa sauti ambayo nilishangaa kuwa ni yangu, kwamba Jumatatu Bwana Shamba hakuja kwetu. Jumatatu nilikuwa peke yangu. Shahidi nilimkuta mimi amevunjika, nikambadilisha mimi, na Bibi aliponiuliza nikaitikia kwamba ni kweli na haikuwa kweli. Nikawaambia yote, mlandege, fremu ya babu, kopo la chokaa. Uani vikombe vilikuwa vinaoshwa. Sikuthubutu kumtazama mjane.

Bi Mize akaunyosha mkono akaushika wangu, akaugeuza kiganja juu, akavitazama vidole kana kwamba bado vimebabuka.

"Nnajua hakuja," alisema. "Jumatatu ile tulikuwa Matemwe, mimi na yeye, kutwa nzima tunaezeka banda la mamake. Nlimuuliza, mbona wajisingizia mwenzangu. Akanambia nimwachie. Akasema yuko shahidi wake, bado mdogo, akikua atasema."

Akaniangalia usoni, mimi mama wa watoto watatu, na mvi zangu mbili tatu.

"Nkawa kila mwaka nnamuuliza, hajakua tu?"

Nilifungua thamosi, nikammiminia kahawa kwa mkono wangu.